THELUJI YA MWISHO WA MASIKA: TUTAJUAJE KAMA ITAANGUKA?



Katika somo hili tutajifunza namna ya kubashiri theluji ya mlimani, hasa ile inayoanguka mwezi wa Mei, wakati masika yanaishia. Mlima wetu wa mfano ni Kilimanjaro. Usiogope ukadhani hili ni jambo la wenye vyuo vikubwa peke yao. Kama unajua kujumlisha, kutoa na kuzidisha, na kama unaweza kusikiliza redio kwa makini, utalielewa.

Kwa nini tumechagua mwezi wa Mei? Mwezi huo watu wa vijijini huona mvua inapungua, wakasema, "Haya, masika yamekwisha." Wageni wengi huja kupanda mlima kuanzia mwezi wa Juni, na wapagazi huanza kuitwa kazini. Kijana anatoka nyumbani jua linawaka, amevaa sweta moja na viatu vyepesi. Kumbe kule juu masika bado hayajafunga mlango. Mvua ya mwisho ambayo kijijini ni rasharasha tu, kule juu yaweza kuwa theluji ya kufika magotini mahali upepo unapoikusanya. Kijana aliyelowa hapo hana pa kukimbilia. Kwa hiyo kujua kubashiri ni jambo la uhai.

1. THELUJI NI NINI?

Watu wengi huchanganya vitu vinne. Tuvitenganishe kwanza.

Theluji ni maji yaliyoganda ndani ya wingu yakiwa chembe ndogo ndogo nyeupe. Huanguka polepole, kama pamba iliyochambuliwa.

Mvua ya mawe ni vipande vigumu vya barafu. Huanguka kwa nguvu, na huweza kuangukia hata Shinyanga au Dodoma kwenye joto.

Sakitu ni umande ulioganda juu ya majani na mawe. Haitoki mawinguni. Hufanyika pale pale ardhini usiku wa baridi.

Barafu ya mlimani ni theluji ya miaka mingi iliyokandamizana ikawa ngumu kama jiwe. Ndiyo ile tuionayo kileleni Kibo hata wakati wa kiangazi.

Somo letu la leo linahusu ile ya kwanza, yaani theluji mpya inayotoka mawinguni.

2. BARIDI PEKE YAKE HAILETI THELUJI

Hebu tuulize swali. Ni mwezi gani wenye baridi kali zaidi katika vijiji vya Marangu na Machame? Wengi watajibu, "Mwezi wa saba." Ni kweli, Juni na Julai baridi huuma. Basi mbona theluji nyingi ya Kibo haianguki Julai? Huanguka zaidi wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Jibu ni kwamba theluji yahitaji vitu viwili kwa pamoja: unyevu na baridi. Ni kama ugali. Ukiwa na unga bila maji, huna ugali. Ukiwa na maji bila unga, huna ugali.

Kileleni baridi ipo mwaka mzima. Wapimaji wameona kwamba wastani wa joto kule juu ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri, na haubadiliki sana toka mwezi hadi mwezi. Tofauti ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti ya Januari na Julai. Kwa hiyo baridi si kitu cha kungoja pale. Kinachongojwa ni unyevu, na unyevu huja na upepo wa mvua kutoka Bahari ya Hindi.

Basi tushike neno hili la kwanza: kwenye kilele cha Kilimanjaro, kubashiri theluji ni kubashiri mvua. Ukijua mvua inakuja, umekwisha jua nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni kujua mvua hiyo itageuka theluji kuanzia kimo gani.

3. HESABU YA KIMO

Kadiri unavyopanda mlima ndivyo hewa inavyopoa. Kwa kukadiria, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6. Tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Tuseme leo mjini Moshi joto ni nyuzi 24. Moshi iko kimo cha karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari.

Mandara, karibu mita 2,700. Tumepanda kama mita 2,000. Mara mbili sita ni 12. Toa 12 katika 24. Joto ni nyuzi 12.

Horombo, karibu mita 3,700. Tumepanda kama mita 3,000. Mara tatu sita ni 18. Toa 18 katika 24. Joto ni nyuzi 6.

Kibanda cha Kibo, karibu mita 4,700. Tumepanda kama mita 4,000. Mara nne sita ni 24. Toa 24 katika 24. Joto ni sifuri. Hapa maji huanza kuganda.

Uhuru, mita 5,895. Tumepanda kama mita 5,000. Mara tano sita ni 30. Toa 30 katika 24. Joto ni nyuzi 6 chini ya sifuri.

Umeona? Kwa hesabu ya darasa la kisomo tumepata jibu linalokaribiana na lile la vyombo vya wataalamu. Kimo cha sifuri juu ya nchi zetu mara nyingi huwa karibu mita 4,800. Siku nyingine hupanda mita mia chache, siku nyingine hushuka.

Lakini tahadhari. Theluji haisimami pale pale kwenye mstari wa sifuri. Chembe za theluji huendelea kuanguka mita mia kadhaa ndani ya hewa yenye joto kidogo kabla ya kuyeyuka. Tena, zikiyeyuka huinyang'anya hewa joto lake, na hewa ikapoa. Mvua ikiwa kubwa na ya muda mrefu, mstari wa theluji huweza kushuka mita mia kadhaa. Ndiyo maana asubuhi nyingine za Mei watu wa chini huamka wakakuta weupe umeteremka sana, wakashangaa.

Historia nayo yatufundisha. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani aitwaye Johannes Rebmann aliuona weupe wa Kilimanjaro, akaandika kwamba ni theluji. Tazama tarehe hiyo: ni mwezi wa Mei. Huko Uingereza msomi mmoja, William Desborough Cooley, alibisha sana. Theluji ikaeje karibu na ikweta? Ni kweli mlima uko kilometa zipatazo 340 tu kusini mwa ikweta. Lakini aliyebisha alitazama ikweta, akasahau kimo. Mpagazi anayepima baridi ya Kibo kwa jua la Moshi hufanya kosa lile lile.

4. KWA NINI MWISHO WA MSIMU NI MGUMU KUBASHIRI?

Katikati ya masika, mwezi wa Aprili, kubashiri si kazi kubwa. Ukisema, "Kesho mvua itanyesha mlimani," mara nyingi utakuwa umesema kweli. Kiangazi cha Agosti vile vile: ukisema hakuna mvua, mara nyingi hukosei. Ugumu uko mwanzoni na mwishoni mwa msimu. Sababu ziko nne.

Sababu ya kwanza ni pepo kubadilishana zamu. Tangu Desemba upepo wa kaskazi hutuvumia. Baada ya masika upepo wa kusi hushika usukani. Kati yao kuna ukanda wa mvua unaolifuata jua kwenda kaskazini. Ukanda huo hauondoki kwa siku moja kama mgeni anayepanda basi. Huondoka, hurudi nyuma kidogo, huondoka tena. Mwezi wa Mei waweza kupata siku sita kavu, kisha siku mbili za mvua kubwa.

Sababu ya pili ni Bahari ya Hindi. Ipo mikusanyiko mikubwa ya mawingu inayosafiri kutoka magharibi kwenda mashariki kuzunguka dunia. Safari yake moja huchukua kati ya siku 30 na 60. Mkusanyiko huo ukifika upande wetu wa Bahari ya Hindi, mvua huweza kuongezeka hata kama kalenda yasema masika yanakwisha. Wataalamu huutazama ili kukisia hali ya majuma mawili au matatu mbele. Lakini msimu mzima wa masika ni mgumu zaidi kuubashiri kuliko vuli.

Sababu ya tatu ni mlima wenyewe. Wataalamu hutumia kompyuta kubwa. Kompyuta huigawa dunia katika miraba, kama daftari la hesabu. Upande wa mraba mmoja waweza kuwa kilometa 10, au hata 25. Sasa fikiri: kutoka mjini Moshi hadi kileleni, ukipita kama ndege arukavyo, ni karibu kilometa 30 tu. Katika umbali huo yapo mashamba ya mahindi, kahawa na migomba, msitu, mbuga za vichaka, jangwa la mawe na barafu. Mraba wa kilometa 25 huvichanganya karibu vyote, ukavipa kimo kimoja cha wastani. Yaani kompyuta huuona mlima mfupi kuliko ulivyo. Inaweza kusema, "Mvua, nyuzi 5," mahali ambapo kweli yake ni theluji na nyuzi 6 chini ya sifuri. Mtaalamu sharti airekebishe kwa hesabu ya kimo, kama tulivyofanya sisi.

Sababu ya nne ni uhaba wa vipimo huko juu. Mwaka 2000 wachunguzi waliweka kituo cha kupima hewa juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo, kwenye kimo cha karibu mita 5,800. Kwa miaka mingi kituo hicho kilipima upepo, joto, mwanga wa jua na kina cha theluji. Kina kilipimwa kwa sauti: chombo hupeleka sauti chini, ikagonga theluji na kurudi. Ikirudi upesi kuliko jana, maana yake theluji imeongezeka. Ni akili nzuri! Lakini kituo kimoja hakitoshi kwa mlima wenye pande nyingi. Wapimaji hutegemea pia setilaiti, ambayo hupiga picha ya mawingu ya Afrika kila baada ya dakika chache, na maputo yanayopelekwa angani na vyombo vya kupimia.

5. KUUSIKILIZA UTABIRI

Nchini kwetu kazi ya utabiri hufanywa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hutoa utabiri wa msimu kabla masika hayajaanza, utabiri wa siku kumi, utabiri wa kila siku, na tahadhari hali ikiwa mbaya. Kila mmoja una kazi yake.

Utabiri wa msimu hukuambia kama mvua zitakuwa chini ya wastani, za wastani, au juu ya wastani, na lini zatazamiwa kuanza na kuisha. Hauwezi kukuambia juu ya Jumanne ya wiki ya tatu ya Mei. Utabiri wa siku kumi hukuonyesha mwelekeo. Utabiri wa kesho ndio wa kupangia safari.

Neno jingine la kuelewa ni "uwezekano". Ukisikia kwamba uwezekano wa mvua ni 70 katika 100, si kusema mvua itanyesha kwa asilimia 70 ya mlima, wala si ahadi. Maana yake ni hii: chukua siku 10 zinazofanana na hiyo ya kesho. Katika siku 7 mvua hunyesha. Katika siku 3 hainyeshi. Kwa hiyo usiku ukipita mkavu usiseme, "Ati wale wa redio ni waongo." Umeipata moja ya zile siku tatu.

Hebu tuwasikilize mama na mwanawe. Ni watu wa mfano tu.

MWANA: Shikamoo mama. Kesho napanda, nimepata kazi ya mizigo.

MAMA: Marahaba mwanangu. Redio umeisikiliza?

MWANA: Nimesikia mvua kubwa kesho na kesho kutwa, mkoa wa Kilimanjaro na Tanga. Uwezekano ni wa wastani. Lakini mama, tazama jua lilivyo! Masika si yamekwisha?

MAMA: Jua la hapa Moshi halijui habari za Kibo. Hebu piga hesabu. Leo joto ni nyuzi 24. Kesho kutwa utalala wapi?

MWANA: Horombo. Hapo ni nyuzi 6. Siku inayofuata kibanda cha Kibo, hapo ni sifuri.

MAMA: Basi mvua ikinyesha Horombo utaloa, si theluji. Ukipanda Kibo na nguo mbichi, maji ya nguo yataganda mwilini mwako. Na ikinyesha milimita 20 kule juu, itakuwa theluji kiasi gani?

MWANA: Kwenye kisomo tulisema milimita 10 za maji hutoa kama sentimita 10 za theluji mpya. Kwa hiyo milimita 20 ni sentimita 20. Karibu shibiri moja.

MAMA: Na mahali upepo unapoisukuma ikajaa, je?

MWANA: Itazidi hapo. Mama, niazime koti la mvua la baba. Na soksi za pili.

MAMA: Na mfuko wa nailoni wa kutia nguo kavu. Hiyo ndiyo faida ya kusoma, mwanangu.

Msomaji, ona alivyofanya kijana huyu. Alichukua utabiri wa mvua, akaupitisha kwenye hesabu ya kimo, akageuza milimita kuwa kina cha theluji, kisha akabadili mzigo wake. Hakungoja kupata hakika. Hali ikiwa na hatari ya kifo, uwezekano wa wastani watosha kukufanya ubebe nguo kavu. Ukizibeba bila kuzitumia umepoteza jasho kidogo tu. Ukiziacha ukazihitaji, waweza kupoteza maisha.

6. DALILI ZA KUTAZAMA MLIMANI

Utabiri wa redio ni wa mkoa. Mtu aliye mlimani anayo macho yake. Siku ya kawaida mlimani ina mpango wake: asubuhi mbingu nyeupe, jua likipanda mawingu huanza kukwea kutoka msituni, mchana ukungu hufunika, jioni mawingu hushuka, na usiku nyota huonekana. Hiyo ni sababu mojawapo ya wageni kuanza safari ya kileleni karibu saa sita usiku.

Basi jifunze kuogopa mpango huo ukivunjika.

(a) Mawingu yakikwea mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, hewa ina unyevu mwingi.

(b) Mawingu yasiposhuka jioni, nyota zikakosekana, theluji ya usiku yawezekana.

(c) Kibo ikivaa kofia ya wingu lililokaza, upepo wa juu ni mkali.

(d) Duara kuzunguka jua au mwezi laonyesha mawingu ya juu sana ya chembe za barafu. Mara nyingine hutangulia mvua, mara nyingine hapana. Litazame pamoja na dalili nyingine.

(e) Ukisikia radi, ondoka kwenye matuta na majabali yaliyochongoka.

Dalili moja peke yake si ushahidi. Dalili mbili au tatu, pamoja na utabiri wa redio unaosema hivyo hivyo, ni kengele. Siku hizi habari husafiri upesi. Mwezi wa Agosti 2022 intaneti ilipelekwa hadi Horombo, kwa hiyo kiongozi wa msafara anaweza kuutazama utabiri mpya akiwa mlimani. Mpagazi anayo haki ya kumwuliza, "Kiongozi, utabiri wa leo unasemaje?"

7. THELUJI ITAKAA SIKU NGAPI, NA YATUFAA NINI?

Theluji mpya ni nyeupe sana. Hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, hata nane katika kumi. Kwa hiyo haiyeyuki upesi, na tena huifunika barafu ya zamani kama shuka. Theluji nyingi ikianguka mwishoni mwa Mei, barafu huanza kiangazi ikiwa imefunikwa. Ikikosekana, jua la Juni hupiga moja kwa moja kwenye barafu chafu iliyo na vumbi, na barafu huliwa. Sehemu kubwa yake haigeuki hata kuwa maji. Hupotea hewani kama mvuke, kama nguo mbichi inavyokauka kwenye kamba.

Barafu hiyo imepungua sana. Mwaka 1912 ilikuwa kilometa za mraba 11.40. Mwaka 2011 ilipimwa ikawa 1.76. Maana yake, katika kila sehemu 100 zilizokuwapo, 85 zilikuwa zimekwisha toweka. Wachunguzi wanaeleza kwamba hewa kavu na uhaba wa theluji mpya vimechangia sana, pamoja na kuongezeka kwa joto la dunia.

Hapa wakulima huuliza, "Je, theluji ikipungua, mifongo yetu itakauka?" Tuseme wazi. Maji mengi ya mito na mifereji ya Kilimanjaro hayatoki kwenye barafu. Yanatoka kwenye mvua na ukungu wa ukanda wa msitu. Mvua nyingi kuliko zote upande wa kusini hunyesha karibu na kimo cha mita 2,200, ndani ya msitu. Kileleni hunyesha kidogo tu. Kwa hiyo mkulima akitaka kukisia maji ya mfereji wake, asitazame weupe wa Kibo. Autazame msitu, auzuie moto, na asikate miti ovyo. Theluji ya Mei ni habari kubwa kwa mpagazi na kwa barafu yenyewe. Kwa mfereji, msitu ndio mama.

8. UTABIRI UKISEMA NDIYO, TUFANYE NINI?

Panda na nguo mbili: za kutembelea na kavu za kulalia. Zile kavu zifunge kwenye nailoni, usizivae ukitembea hata kama baridi inakushawishi.

Funika kichwa, mikono na miguu. Nguo ya pamba ikiloa haishiki joto. Sufu ni bora.

Vaa miwani ya jua juu ya theluji. Mwanga unaorudi kutoka chini huunguza macho.

Mtazame mwenzako. Akitetemeka sana, akajikwaa ovyo, akasema maneno yasiyoeleweka, mwili wake unapoa kupita kiasi. Akiacha kutetemeka na bado yu baridi, hali imezidi kuwa mbaya. Mwondoe kwenye upepo. Mvue nguo mbichi, mvike kavu, mfunike. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimpe pombe. Usimsugue mikono na miguu. Toa taarifa kwa kiongozi ili ateremshwe.

Na kama dalili zote zasema theluji, na nguo hazipo, kurudi chini si aibu. Mlima hautahama. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kimo: urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari.
Mstari wa sifuri: kimo ambacho joto la hewa ni sifuri.
Unyevu: maji yaliyomo hewani, hata yasipoonekana.
Uwezekano: kipimo cha jinsi jambo linavyoweza kutokea. Si ahadi.
Wastani: kiasi cha kawaida, kilichopatikana kwa kujumlisha miaka mingi na kugawanya.

MASWALI

1. Kwa nini mwezi wa Julai una baridi lakini theluji mpya ni kidogo kileleni?
2. Moshi joto ni nyuzi 27. Joto la Horombo litakuwa nyuzi ngapi? La Uhuru je?
3. Ikinyesha milimita 15 mahali penye baridi chini ya sifuri, theluji mpya itakuwa kama sentimita ngapi?
4. Redio imesema uwezekano wa mvua ni 40 katika 100. Eleza maana yake kwa mtu ambaye hajahudhuria kisomo.
5. Taja dalili tatu za mlimani zinazoonya kwamba theluji yaweza kuanguka usiku.

KAZI YA KIKUNDI

Kwa muda wa siku 14, kikundi kisikilize utabiri kila jioni. Andikeni katika daftari: tarehe, utabiri ulisema nini, na kesho yake ilikuwaje. Mwishoni hesabuni ni mara ngapi utabiri ulilingana na hali ya kijijini kwenu. Walio karibu na mlima waandike pia kama weupe wa Kibo umeshuka au umepanda. Hata msomaji anayekaa mbali na mlima, akalima pamba au mahindi, zoezi hili litamfaa. Atajua lini autumaini utabiri, na lini auchanganye na macho yake mwenyewe.

Majibu ya hesabu: swali la 2, Horombo nyuzi 9, Uhuru nyuzi 3 chini ya sifuri. Swali la 3, sentimita 15.